Sumaku ya Masara

Gitaa lilikuwa limelala mezani, nyuzi zake zote zimetolewa, na bado amplifaya ikagonga. Kok. Kok. Kok. Mara tatu, kisha kimya.

Filister aliweka bisibisi chini akaitazama. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Migori linachoma mabati. Yeye ni fundi wa magitaa, na fundi haamini majini upesi. Huanza kwa kuamini waya mbovu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya haraka. Jumamosi bendi yao ilikuwa na shoo Homa Bay, na gitaa lake lilikuwa linamwaibisha. Pikapu yake, ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi ili kunasa sauti, ilikuwa dhaifu mno kwa amplifaya ile. Akifungua distoshen, kitufe cha kuikwaruza sauti, kidogo tu, sauti haikwaruzi. Akifungua sana, anapata mvumo mtupu. Basi akajisokotea pikapu nyingine, waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu saba, na katikati akaweka sumaku nzito aliyopewa na Elkanah, mwimbaji wao.

Elkanah alichimba dhahabu Masara kabla ya kurudi kwenye muziki. Wachimbaji hutumia sumaku kuondoa mchanga mweusi kwenye dhahabu, na hii ilikuwa bado imevaa mchanga huo, umekauka ukawa gamba.

"Chukua tu," Elkanah alimwambia. "Mimi na shimo tuliachana."

Sauti iliyotoka ilikuwa tamu ajabu, nene, inakwaruza bila kumeza noti. Ila distoshen ikipita nusu, kugonga kunaanza, na chumba kinanuka udongo mbichi.

Filister alimshuku kwanza mchomelea vyuma wa jirani. Akaenda kuchungulia, jamaa alikuwa amelala juu ya gunia, anakoroma. Aliporudi alimkuta mama yake, Orpah, amesimama mbele ya amplifaya na sufuria ya chakula mkononi.

"Kuna mtu anagonga kutoka chini," Orpah alinong'ona.

"Ni waya, Mama."

"Waya haipumui, nyathina, mwanangu."

Ni kweli, amplifaya ilikuwa inapumua.

Orpah alikuwa mtu wa kusikiliza milango. Miaka miwili sasa, tangu Ken, mwanawe wa mwisho, aende kuchimba pamoja na Elkanah. Elkanah alirudi peke yake akasema Ken amevuka Isebania, amepata kazi Tanzania. Simu yake haikushika tena. Wazee walitaka wazike tunda la yago, kama Waluo wafanyavyo mtu akipotea na mwili usionekane, ili roho yake itulie. Orpah alikataa katakata. Hazikwi mtu aliye hai, alisema, na kila jioni alimwekea Ken sahani.

Jioni hiyo Elkanah alikuja kwa mazoezi. Aliposikia ile kok ya kwanza alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Zima hiyo kitu, Fili. Iko na jini. Nipe sumaku yangu niitupe mtoni."

"Nani amekuambia ni sumaku?"

Elkanah alicheka kicheko kikavu, akasema ana homa, akaenda zake. Filister alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, na moyo wake ukaanza kumshuku mtu ambaye alikuwa amekula naye sahani moja miaka sita.

Kulikuwa na njia moja ya kujua. Pikapu ambayo waya wake haujashikana hunasa hata maneno ya watu chumbani; ndiyo maana mafundi huitumbukiza kwenye nta ya moto, nta ikaingia kila mahali na kuiziba masikio. Asubuhi Filister aliyeyusha nta, akaizamisha pikapu, akangoja mpaka mapovu yakaisha, akaitoa, akaiunganisha na amplifaya, akafunga dirisha, akafunga mlango, akashika pumzi, akafungua distoshen taratibu, robo, nusu, robo tatu, akijiambia kwamba sasa hakuna sauti ya nje inayoweza kuingia humo, na kama kitu kitasikika basi kitakuwa kimo humo humo ndani, na hapo ndipo kiliposikika, karibu sana, kama mtu aliyejaa vumbi kooni.

"Elka. Vuta kamba."

Filister aliung'oa waya kwa mikono miwili. Akaipasua pikapu. Nta ilikuwa imelilegeza gamba, na sumaku ikaachana mkononi mwake: haikuwa moja, zilikuwa mbili, zimeng'ang'aniana. Moja ilikuwa na pembe iliyokatwa kwa tupa. Aliikata yeye mwenyewe siku Ken alipoondoka, isije ikachanganywa na za wenzake.

Elkanah alipokuja baada ya kuitwa, Orpah alikuwa ameketi karibu na meza.

"Ken alivuka na vitu vyake vyote?" Filister aliuliza.

"Vyote. Nilimsindikiza mpaka steji."

"Hata sumaku?"

"Hata hiyo."

Filister alimwekea kiganjani ile sumaku yenye pembe iliyokatwa. Amplifaya haikuwa na umeme. Ikasema, "Elka. Vuta kamba."

Elkanah alipiga magoti. "Ndoo ya vifaa, na sumaku zetu ndani, ilikuwa imeshatoka, yeye bado chini. Ukuta ukaanza kuanguka. Ningevuta, ningeenda na yeye. Nikaachilia kamba."

"Alikufa papo hapo?" Orpah aliuliza polepole.

Elkanah alitazama sakafu. "Aligonga mpaka jioni, Mama."

Orpah hakulia. "Nataka mifupa," alisema.

Jumatano walizika yago, na sumaku ya Ken pembeni yake. Amplifaya ikanyamaza. Alhamisi Elkanah alikwenda Masara kutafuta mifupa. Alikwenda peke yake. Hakuna aliyekubali kumshikia kamba.

Jumamosi alasiri, Homa Bay, watu walikuwa wengi mpaka nje. Filister alipiga kwa pikapu mpya, yenye sumaku moja tu iliyobaki, ile ya Elkanah. Sauti ilikuwa tamu. Orpah alikaa mstari wa mbele. Wimbo wa tatu, distoshen ilipopita nusu, harufu ya udongo mbichi ikapanda jukwaani.

Kok. Kok. Kok.

"Fili," ikasema amplifaya. "Vuta kamba."

Watu walishangilia, wakidhani ni madoido. Namba ya msimamizi wa machimbo ya Masara ilikuwa kwenye simu, mfukoni mwa Filister. Alimtazama mama yake. Orpah alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa mara moja, hapana.

Filister alinyoosha mkono, akazungusha kitufe cha distoshen mpaka sifuri. Wimbo ulikuwa umebakiza beti mbili. Akazipiga zote.