Mwandiko Kwenye Kaboni

Peugeot 404 nyeupe ilipita Kona ya Musa bila kuomba njia. Ikapangua mafungu ya mihogo, ikaingia mtaroni, ikazima.

Mselem Boga, afisa wa polisi aliyekuwa akiifukuza, alishuka kwenye Land Rover, bastola ya Browning mkononi.

"Toka, Bwana Kranz. Polepole."

Kranz alitoka akitabasamu. Miezi minne alijifanya mtalii wa Diani anayepiga ndege picha. Ndege gani, mwongo mkubwa yule. Kazi yake ilikuwa kuwinda wasomi.

Mwaka ule wa 1965 nchi ilikuwa changa, na viti vya wakubwa vilikuwa vikingoja watu. Aliyetaka kwenda Marekani kusomea shahada ya pili alifanya mtihani mmoja, uleule dunia nzima, wa kuchagua jibu moja kati ya matano. Kranz aliiba maswali na majibu, akayagawa bure. Alitaka kitu kimoja tu: mtahiniwa ayanukuu majibu kwa mkono wake mwenyewe, juu ya kaboni. Nakala ibaki kwake. Siku msomi yule akiwa mkubwa serikalini, angeonyeshwa karatasi, kisha angeamrishwa.

Inspekta Mangi, mtu wa Taveta, aliipata nakala chini ya kiti. Herufi za Kiarabu badala ya A, B, C, D, mojamoja, safu kwa safu.

Mselem aliitazama mara moja.

Herufi ile ya jimu yenye tumbo pana aliijua. Mama yao, Bimkubwa, ndiye aliyewafundisha kuiandika vile, yeye na Mwanaima, dada yake.

Na Mwanaima asubuhi ile alikuwa Msambweni, ukumbini, akingoja mtihani wa saa tatu.

Mwezi wa Ramadhani Mwanaima alikuwa amemweleza kaka yake. "Mtihani huu hauulizi umesoma nini, kaka. Unauliza waweza kufikiri upesi kiasi gani, kwa Kiingereza cha wenyewe. Naogopa."

Naye Mselem alimcheka. Maskini, alimcheka tu.

Redio ilikwaruza. "Changu, hapa Kituo." Alikuwa Rispah, wa redio ya polisi Mombasa; Changu lilikuwa jina la gari lao hewani. "Majibu ya kweli, safu ya kwanza: B, D, A, C. Linganisheni."

Mangi alifungua orodha ya herufi za Kiarabu na za Kiingereza aliyopewa ofisini, akasoma kwa kidole, kushoto kwenda kulia, kama asomavyo Biblia yake.

"C, A, D, B. Haiwiani, afande. Takataka tu hii. Tufunge jalada?"

Hakujua kwamba Kiarabu huanzia kulia. Mselem akikaa kimya, Mwanaima angepanda ndege.

Akakaa kimya.

Kranz akamnong'oneza: "Vizuri, rafiki. Nakala nyingine iko Ulaya. Mwache dada yako aende. Nitamhitaji."

Hapo Mselem akaelewa. Kumficha dada yake ni kumkabidhi kwa mtu huyu maisha yake yote. Akashika maikrofoni.

"Kituo, hapa Changu. Karatasi husomwa kutoka kulia. Inawiana yote. Mtahiniwa azuiwe."

"Nimekupata. Jina?"

"Mwanaima binti Boga."

"Boga kama wewe?"

"Kama mimi."

Walipofika Msambweni, Kranz akiwa na pingu garini, Mwanaima alikuwa amesimamishwa nje ya ukumbi. Nakala ya Ulaya sasa haikuwa na thamani, siri ilikwisha toka. Lakini mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa, na wenzake walikuwa ndani wakiandika.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kwa nini, Mwanaima?"

"Niliogopa, nikayachukua." Hakulia. "Jana nikaona haya. Nikajijibia maswali yote mwenyewe bila kuyatazama majibu yake, ndipo nikalinganisha."

"Ikawaje?"

"Nilikosa mawili tu."

Mselem alifunga kifungo cha ala ya Browning. Akavaa miwani yake myeusi, akatembea hadi kwenye Land Rover bila kugeuka nyuma, kwa mwendo uleule wa siku zote.

"Utaendesha, afande?" Mangi aliuliza.

"Endesha wewe," alisema Mselem. "Mimi barabara siioni."