Moyo wa Tatu

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa dada yangu Uulkan na begi la kompyuta. Haja yangu ilikuwa ndogo: dakika chache za mapigo ya moyo wa mtoto aliyekuwa tumboni mwake. Kazi yangu ni kugeuza sauti kuwa michoro. Programu niliyoiandika husikiliza, kisha hujichorea yenyewe, na mafundi wa mji wa Naryn hukata mazulia ya sufu kwa kufuata mistari ile. Zulia hili nililitaka liwe la mtoto wa dada yangu.

Mama mkwe wake, Mama Batma, alinitazama kwa jicho baya.

"Mtoto hajazaliwa, unamtandikia zulia? Unamwita nani aje alikalie?"

"Ni mchoro tu, mama."

"Haya, chora. Yakiwakuta msiniite."

Uulkan akaninong'oneza, "Ana wivu. Yeye hakuchorwa."

Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hii. Alikuwa akicheka, lakini mkono wake haukubanduka tumboni. Nilimwonea huruma. Akajilaza kwenye godoro, nikamwekea maikrofoni tumboni.

Skrini ikaanza kuchora. Moyo wa Uulkan ulitoa pembe pana za kondoo, zikijikunjua kwa nje taratibu. Wa mtoto ulikuja mbiombio, vipete vidogovidogo vikirukaruka. Hata Mama Batma alisogea kuchungulia.

Kisha mstari wa tatu ukaanza.

Mzito. Wa polepole. Pembe zake zilijikunja kwa ndani, zikivibana vile vipete...

"Mapacha?" Uulkan akanong'ona.

"Hospitali si walisema mmoja?" nikamuuliza.

Niliibandua maikrofoni. Pembe pana zikafifia, vipete vikafifia. Ule wa tatu ukabaki. Niliielekeza mlangoni, ukapungua. Niliielekeza miguuni pa dada yangu... ukajaa skrini nzima.

Hapakuwa na mtu pale. Lakini godoro lilikuwa limebonyea.

Nikasikia harufu ya nywele zilizolowa maji ya mto.

"Albarsti," Mama Batma akasema kwa sauti ya chini.

Kwetu kila mwanamke analijua jina hilo. Ni yule wa nywele za njano, anayemkalia kifuani mwenye mimba akamnyang'anya pumzi na mtoto. Si wengi wanaoweza kumwona. Waliokuwa wakimwona na kumfukuza kijijini kwetu wote wamekufa.

Mama Batma alitungua mjeledi ukutani. "Wewe unamwona kwenye hicho kidude chako. Basi kodoa macho. Mimi nachapa, wewe niambie akiondoka."

Nikairudisha maikrofoni tumboni. Akachapa godoro, akachapa ukuta, akachapa hewa huku akimtukana kwa matusi ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwa mtu mzima. Uulkan alikuwa akihema kwa shida.

"Kifuani... kuna kitu kimenikalia..."

Mistari mitatu. Mjeledi. Mistari mitatu. Mjeledi. Ikavurugana, sikujua tena upi ni upi.

Kisha mmoja ukakatika.

"Imebaki miwili!" nikasema. "Acha, mama, inatosha. Ni miwili."

Mjeledi ukashuka. Uulkan akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia, na papo hapo uchungu ukamshika.

Alijifungua salama. Mtoto wa kiume, mzima, mzito. Hakulia. Mkunga alisema watoto wengine huzaliwa wapole.

Wiki iliyofuata Uulkan aliniomba nilimalize zulia. Nikamwekea mtoto maikrofoni kifuani huku ananyonya. Mama Batma alisimama nyuma yangu.

Skrini ikachora.

Mzito. Wa polepole. Pembe zikijikunja kwa ndani.

Vipete havikuja. Nilingoja... havikuja.

Daktari niliyemuuliza baadaye alisema mapigo hubadilika mtoto akishazaliwa, na huenda ndivyo. Mama Batma hakuuliza mtu. Aliitazama skrini, akatoka nje, na tangu siku ile hajambeba mjukuu wake.

Uulkan alikuwa akimpapasa mtoto kichwani. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sote tuliingoja kwa miaka.

"Mchoro wake si ndio ule ule?" akaniuliza. "Ule wa vipete?"

Mtoto akaachia ziwa. Akageuza shingo taratibu, akanitazama.

"Ndio, dada," nikasema, na nikaifunga kompyuta.