Koili ya Ukumbi Ulioungua

Pedali haikuwa imechomekwa popote ilipolia mara ya kwanza. Fundi alikuwa ameinama chini ya meza, anatafuta skrubu ya mwisho ya kufungia kifuniko, akasikia "waaa" fupi, kama mtu anayepiga mwayo huku kaziba mdomo kwa kiganja. Akainuka. Waya zote zilikuwa zimening'inia ukutani. Akajisemea ni mlango wa jirani, akarudi kwenye skrubu yake.

Alikuwa fundi wa vyombo vya muziki. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mkewe na binti yao wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa kuwa aliongea mpaka na viatu. Pedali ililetwa na kaka wa mkewe, mpiga gitaa. Ilikuwa ile ya kukanyagwa kwa mguu ili gitaa lilie kama mtu, lakini ya bei ya chini.

"Hii hailii, shemeji," alisema. "Ni mbu ndani ya kopo. Nataka ile sauti ya zamani, nzito, ya kumkumbusha mtu mpenzi aliyemwacha."

Fundi alijua dawa yake. Alibadilisha kapasita mbili na rezista moja, kisha akang'oa koili hafifu ya kiwandani, kile kibunda cha waya wa shaba uliosokotwa, akaweka ya zamani aliyoiokota kwenye mabaki ya ukumbi wa dansi ulioungua. Koili hiyo ilikuwa imezungushiwa uzi mweupe wenye mafundo saba. Uzi ulimzuia kulehemu, akaukata kwa wembe.

Jioni shemeji alichomeka gitaa, akaijaribu. Sauti ilitoka nene, yenye koo na kifua. Mke wa fundi akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Nani analia humu?"

"Gitaa, dada."

Hakucheka. "Mbona linavuta pumzi?"

Shemeji aliiacha pedali ibadilishwe swichi. Kesho yake Kasuku aliamka na sauti ya kukwaruza. Siku ya tatu alibaki na pumzi tupu. Daktari alimmulika kooni, hakuona kidonda wala uvimbe. Na karakana ikaanza kunuka nywele zilizoungua, pamoja na marashi ambayo hakuna aliyejipaka.

Siku ya nne, saa saba mchana, jua likiwa limejaa dirishani, fundi aliiona pedali ikishuka yenyewe polepole, kama inayokanyagwa na mguu usioonekana, ikapanda, ikashuka tena, ikitamka a, e, i, o, u moja moja kama mtoto anayefundishwa herufi, mpaka herufi zikashikana zikawa neno, na neno lenyewe, kwa sauti ya Kasuku isiyo na mkwaruzo hata chembe, lilikuwa "Baba", wakati Kasuku mwenyewe amekaa kizingitini, mdomo wazi, machozi yanamtiririka, na hakuna kilichotoka.

Fundi akashika chuma cha kulehemu ili aing'oe koili. Ncha ilipogusa tu, mtoto alijishika shingo akaanguka. Fundi akakitupa chuma ukutani.

Mkewe alitoka mbio, akarudi na mganga, mama mmoja mfupi mwenye miwani na mkoba wa begani. Aliikagua pedali bila kuigusa, akauliza kwa kunong'ona, "Uzi uko wapi?"

"Niliukata, bibi."

"Ulikata kufuli, mwanangu." Akaketi sakafuni. "Pepo aliyefungwa humo alikaa kwenye kinywa cha mwimbaji aliyeungulia ukumbini. Hakuwa na kiti tena, mtu wa kumpanda. Sasa anajitengenezea kingine." Akaisogelea pedali. "Mtoto si wako. Taja kingine."

Pedali ikashuka. "Nimechoka kuwa peke yangu," ilisema kwa sauti ya Kasuku. "Hakuna anayenisikia. Nipe masikio ya baba."

Mke wa fundi akamshika mumewe mkono. "Usijibu," alinong'ona. "Tutafute njia nyingine. Utafanya kazi gani bila masikio?"

Fundi alimtazama mwanawe pale sakafuni, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Masikio hayo ndiyo yaliyomlisha tangu ujana. Aliweza kugonga spika kwa ukucha akajua ugonjwa wake.

"Yachukue," alisema.

Kitu baridi kilimpita shingoni kikaingia masikioni, pande zote mbili. Harufu ikakatika. Pedali ikapasuka katikati, na koili ikabingirika sakafuni, nyeusi kama kaa. Fundi alimwona Kasuku akikaa, akipanua mdomo, akaona mishipa ya shingo ya mtoto ikisimama kwa kilio. Akaona mkewe akipiga magoti, akimkumbatia, midomo yake ikienda upesi. Yote hayo yalitendeka kimya, kama nyuma ya kioo.

Mganga alimshika bega, akamtikisia kichwa kwa upole, akaondoka.

Fundi alilia kwa furaha, naye hakuisikia sauti yake mwenyewe. Mkewe akampa Kasuku kikombe cha maji, na mtoto akanywa kwa pupa, mashavu yamejaa, macho kwa baba yake. Hapo ndipo fundi alipomsikia, wazi kabisa, karibu kuliko mtu yeyote anavyoweza kusogea:

"Baba."

Kasuku alikuwa bado anameza.

"Baba, tuongee."