Siri ya Utamu wa Uji

Kila jioni, baada ya sala ya Magharibi, Hafidha alimpikia mama yake uji wa ulezi nyumbani kwao, katika kata ya Sokon I. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, na kisukari kilichozuka humo humo katika ujauzito. Hospitali walimkataza sukari na samli, wakamfundisha kujidunga insulini.

Bibi, mzaa baba, hakuridhika. Alisimulia kuwa enzi za foleni, bidhaa zilipoadimika, sukari ikipatikana, mjamzito ndiye aliyewekewa kwanza. Sasa maduka yamefurika, na mkwewe anakonda! Mtoto atazaliwa hana nguvu. Maneno hayo yalimtisha Hafidha, naye akaanza kutia sukari na samli katika uji kwa siri. Mama alipouliza utamu ule watoka wapi, alimjibu kuwa ni maziwa ya ng'ombe wa Mama Elinaza, jirani yao. Mama akaamini.

Siku ya kliniki Hafidha alimsindikiza mama. Daktari Sumari aliyasoma majibu ya damu, uso ukamkunjamana. Sukari ilikuwa juu, na mafuta ya damu yamezidi. Alieleza kuwa mtoto hunenepa mno tumboni kwa vitu hivyo, na akishazaliwa, sukari yake yaweza kushuka ghafla hata ikahatarisha uhai wake.

"Mama, unayafuata masharti?"

"Wallahi nayafuata, daktari."

"Basi dawa haitoshi. Naiongeza."

 Hafidha alitamani ardhi immeze.

"Usiiongeze, daktari," alisema. "Ni mimi. Natia sukari katika uji wake, na samli."

Mama hakumtazama. Daktari aliweka kalamu chini.

"Ningeiongeza dawa, kisha wewe ukaacha sukari, sukari ya mama yako ingeshuka mno, akaanguka na kuzirai."

Wiki zilizofuata Hafidha aliishi kwa hofu. Mtoto, Uwesu, alizaliwa mkubwa, akitetemeka mwili mzima. Lakini wauguzi walikuwa wamekwisha kujiandaa: walimpima sukari, wakamweka mapema kwenye titi la mama, wakamtundikia dripu. Kufikia Alasiri alikuwa ametulia.

Bibi alikiri kuwa alimtisha mjukuu kwa jambo asilolijua. Mama akamwita Hafidha kitandani.

"Ulinipenda, mwanangu, lakini ulinidanganya. Tabibu hutibu kile alichoambiwa. Ukimficha ukweli, dawa yake hugeuka sumu, hata mkononi mwa ampendaye mgonjwa."