Rubani wa Vifaranga

"Kaka, hebu shika hapa! Usinitumbulie macho, hawa watakufa na joto."

Asubuhi hiyo ya mwaka 1975 kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam kilikuwa kimefurika watu, na kijana mrefu aliyesimama bure mlangoni hakuwa na pa kukimbilia. Akashika. Yalikuwa maboksi ya vifaranga wa siku moja kutoka kituo cha kuku cha Kibaha, wakilia mpaka masikio yanawasha. Eugenia, mtumishi wa kituo hicho, alimfuata nyuma na gauni lake la kitenge, nywele kasuka twende kilioni, akitoa amri kama bwana shamba. Boksi la mwisho lilipoingia ndegeni, akafungua pochi amtafutie bahashishi. Kijana akacheka, akavaa kofia yake, akapanda ngazi, akaenda kuketi mbele kabisa, kwenye usukani.

Eugenia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni ile simu ya kituoni Kibaha ikalia.

"Bibi Kuku? Abiria wako wamefika Mtwara salama. Anayelalamika ni rubani tu."

"Ana nini huyo rubani?"

"Anadai bahashishi yake."

Ndivyo walivyoanza. Silvanus alikuwa mwajiriwa wa shirika la ndege, akirusha ndege ndogo za Mtwara, Songea na Mafia. Siku za mapumziko alikuja Kibaha na suruali yake ya bugaluu, pana chini, na viatu vya raizoni vya soli nene, wasichana wa kituoni wakaacha kazi kumchungulia. Eugenia alimpenda, tena si kidogo. Mimi simlaumu.

Mwaka wa pili kampuni moja ya Ulaya ikamwita Silvanus arushe ndege kubwa za mizigo, zile za masafa marefu. Alimwambia Eugenia Jumapili baada ya misa, Kisarawe, nyumbani kwa kina Eugenia, walipokuwa wamesimama juu ya kilima pale ambapo kiwanja cha ndege kinaonekana kwa mbali.

"Zinabeba nini?"

"Kila kitu. Mitambo, dawa, farasi."

"Farasi angani! Acha uongo, Silva."

"Haki ya Mungu, tena wamesimama! Unaruka jua likizama, Jeni. Unalivuka jangwa zima, chini hakuna hata kibatari, nyota zimekuzunguka pande zote mpaka unasahau kusema. Asubuhi unatua kwenye theluji." Akamgeukia. "Lakini kesho nawajibu kwamba siendi. Ukienda kule, nyumbani unakuwa mgeni. Nimekuchagua wewe, mpenzi."

Eugenia alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Akamshika mkono.

Ndipo kule bondeni ikaunguruma. Ndege ya mizigo, kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuiona, ilikuwa inaacha ardhi polepole, kama isiyotaka, ikawajia moja kwa moja. Mabati ya nyumba yakatetemeka, mbuzi wakakata kamba. Tumbo lake jeupe likapita juu ya vichwa vyao, na Eugenia akashangaa kwamba hewa tupu, hii hii tunayovuta puani, inaweza kubeba nyumba ya chuma. "Utukufu kwa Mungu," akasema, akataka kuubana mkono wa mpenzi wake.

Mkono haukuwapo. Silvanus alikuwa amemwachia bila kujua, amesogea mbele, shingo kaikunja nyuma, mdomo wazi, uso umelowa machozi. Ndege ikawa nukta, naye bado amesimama.

"Silvanus."

Hakusikia.

"Silvanus, nenda."

"Niende wapi?"

"Nenda tu!" Akageuka upesi asionekane analia, akateremka kilima.

Mwanamume huyu alijua kusoma vipimo vyote vya ndege, ila mgongo wa mwanamke ulimshinda. Alidhani amefukuzwa. Hakupiga simu. Eugenia naye alisubiri, kila simu ikilia moyo unampasuka, na kila mara ilikuwa ya mtu wa mayai. Wiki zikapita. Kwa uchungu Silvanus, ambaye bado hakuwa amewajibu wale wa Ulaya, akaikubali ile kazi, na siku moja kabla ya safari akaja Kibaha, akamkuta kwenye banda la vifaranga.

"Nimekuja kuaga. Umenifukuza, naenda."

"Nani kakufukuza?"

"Si ulisema nenda?"

"Nilisema nenda. Nilisema niache?"

Silvanus akavua kofia yake.

"Siku ile niliuona uso wako," Eugenia akasema, sasa analia waziwazi. "Hata mimi hujawahi kunitazama hivyo. Wala sikuona wivu. Niliogopa, kama mtu aliyefungua mlango wa kanisa katikati ya mageuzo, padri kainua hostia. Nikikuzuia, Silva, nitaolewa na nusu mtu. Mimi nakutaka mzima."

"Basi mjomba alete posa kwenu Jumamosi?"

"Alete. Na baba akiuliza mkwe wake anaishi wapi, amwambie angani."

"Na wewe ukichoka kunisubiri?"

Eugenia akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Nikichoka nitakutafuta kwa simu popote ulipo, nitasema rudi. Hilo nalo usije ukalitafutia maana nyingine."

Silvanus akaahidi. Akalia mbele ya vifaranga wote wale, wala hakuona haya.