Kofia Kwanza

Soko lilikuwa limejaa pomoni, lakini gauni la njano la yule dereva wa gari la farasi lilimfanya fundi wa ngozi ajidunge sindano kidoleni.

"Pole, kaka. Sindano haina macho?"

"Yangu ndiyo yamepotea, dada. Nikusaidie nini?"

Akampa kofia ngumu iliyokatika mkanda. "Sipandi garini bila hii. Maharusi ninaowabeba hunicheka, eti naharibu picha."

"Waache wacheke. Kichwa hakina spea."

Mkanda ukashonwa, wakabadilishana namba za simu, na muda si muda simu zikawa hazipoi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitashiba nikikuona."

Weee! Kisha fundi akaharibu. Alimshonea farasi hatamu mpya ya kichwani, zawadi. Kwa pupa ya kuijaribisha akaivua ya zamani, yenye vikinga macho, farasi akiwa bado amefungwa garini na dereva yuko kitini. Maskini mnyama, miaka yote alivuta gari bila kuliona. Aligeuka, akaona magurudumu nyuma yake, akatimua mbio. Dereva alirushwa chini. Kofia ilipasuka, kichwa kikabaki kizima. Mguu ndio uliovunjika.

Fundi hakukanyaga hospitali, aibu ilimla. Dereva naye, miezi yote akijikongoja kwa magongo, alilia akiamini amekimbiwa kwa sababu ya mguu.

"Mpigie," alisema shangazi aliyekuwa akimuuguza.

"Nimbembeleze?"

"Mtukane basi, ila piga."

Akapiga. "Kumbe ulipenda miguu tu?"

Kikasikika kilio. "Mimi ndiye niliyekuumiza. Ningekutazamaje?"

"Kwa macho, mjinga wewe! Mkanda ulioushona ndio ulioniacha hai. Magongo nimeyaacha. Kesho narudi kazini, na naogopa. Njoo."

Alikuja. Dereva, buti zikimetameta, alimvalisha farasi hatamu yenye vikinga macho kwanza, ndipo akamfunga garini. Akapanda, akakaza mkanda wa kofia mpya kidevuni.

"Twende, baba!"

Farasi akaondoka kwa madaha. Wauza maua wakapiga makofi, na dereva akacheka kwa sauti barabara nzima, hofu ameiacha nyuma.

Dereva aliporudi, fundi alimkimbilia machozi yakimtoka. "Nataka nikuoe!" akasema, huku akidandia gari.

"Shuka!"

Fundi akanywea. Dereva akainama, akatoa kofia ya pili chini ya kiti.

"Mume wangu hapandi garini kichwa wazi."