Geti la Afande Ocira

Jamani majirani zangu wa Kawempe, nimechoka kusema, lakini hili nitalisema. Mimi Nakhisa nimepakana na nyumba ya Afande Ocira mwaka wa kumi na tatu sasa. Asubuhi kwao kulikuwa na utulivu: mkewe Atoo akipepeta mtama uani, na mama mzazi wa Ocira, bibi Lakica, aliyepooza miguu, akiimba nyimbo za kanisa kitandani. Nilikuwa nazima redio yangu nimsikilize.

Ocira alistaafu polisi. Ndugu zake wako mbali, Gulu na Kitgum, na kila mmoja alitaka kumwona mama. Basi akaweka kamera ukutani chumbani kwa mgonjwa, yenye spika ya kumsalimia. Akaomba kampuni ya intaneti impe anwani ya kudumu, isiyobadilika, ili ndugu waingie kwa njia ile ile siku zote. Kampuni ilikuwa na ulinzi wake. Ocira akaukataa, akanunua kisanduku chake cha fayawoli, yaani mlinzi wa mtandao.

Fundi Oketch, Mkenya mpole, alimwonya.

"Mzee, ukiweka fayawoli yako, kampuni haikulindi tena. Na hii anwani haihami, anayeitafuta ataipata tu. Tuandike watu watano, kila mtu na paswadi yake. Wengine tuwafungie."

"Kijana, mimi nimesimama geti miaka thelathini. Wewe nanifundisha geti?"

"Sikufundishi, mzee. Nakuomba."

"Nifungie ndugu mlango ya mama yangu? Kwetu hiyo ni matusi. Weka paswadi moja tu, namba yangu ya kazi ya polisi. Ukoo yote inaijua."

Kweli waliijua. Imepakwa rangi nyeupe kwenye sanduku lake la bati, lile alilotoka nalo kambini, liko barazani hadi leo. Jioni ile akaituma pamoja na anwani kwenye kundi la simu la ukoo, watu mia mbili na ushei. Hebu niambie, msomaji, kati ya watu mia mbili utakosa mmoja asiyeweza kufunga mdomo?

Haukupita mwezi, bibi akaacha kuimba.

"Kuna mtu kwenye ukuta," alimwambia mwanawe. "Anacheka mimi nikioga."

"Mama, hiyo ni uzee tu."

Akasema tena, na tena. Wakamtafutia vidonge vya usingizi. Nami, Mungu anisamehe, nilisema ni sawa.

Siku moja nilimpelekea uji. Nilimkuta amejifunika gubigubi, joto lote lile. Akaninong'oneza, "Ameenda?" Kabla sijamjibu, sauti ya kijana nisiyemjua ikatoka kwenye kamera: "Kikongwe, fungua shuka tukuone." Wengine wakacheka nyuma yake. Kikombe kilinidondoka.

Ocira aling'oa nyaya kwa mikono yake. Oketch alipokuja kukagua, alikuta watu wasiojulikana wameingia kwa wiki tatu, wote kwa namba ile ile. Afande akakaa juu ya sanduku lake akalia.

"Mama, nisamehe."

"Nilikuambia," bibi alisema, basi.

Hakuimba tena. Alioga ndani ya shuka mpaka mwisho wake, mwezi wa tatu. Siku tulipomwosha maiti, mimi na Atoo, Atoo alishika shuka ile, akasita, akazitazama kuta zote nne kwanza. Nililia zaidi kwa hilo kuliko kwa kifo chenyewe.

FUNZO

Ndugu zangu, ukikataa mlinzi wa mwenzako ukaweka wako, umejitwika kazi yote ya ulinzi, usimwachie Mungu. Siri inayojulikana na ukoo mzima si siri. Kumfungia ndugu mlango si kumtukana, ikiwa ndani kuna mtu asiyeweza kujifunika. Na mzee wako akikuambia kuna mtu ukutani, usikimbilie kidonge. Nenda kautazame ukuta.